Kanieneo ya Maji Katika Mabomba ya Nyumbani

Wakazi wa miji mingi ya Afrika Mashariki wanaifahamu hali hii. Mchana bomba la uani hutoa uzi mwembamba wa maji, au hukoroma na kutoa hewa tupu. Lakini ifikapo saa nane za usiku, bomba lile lile humwaga maji kwa nguvu hata ndoo ikajaa mara moja. Kwa sababu hiyo watu huamka usiku wa manane kujaza madumu. Wengi huamini kwamba yupo mtu mahali fulani anayefunga maji mchana na kuyafungua usiku, na pengine ndivyo ilivyo, kwa kuwa mgawo wa maji ni jambo la kawaida. Lakini hata pale ambapo hakuna aliyegusa kitu, tofauti kati ya mchana na usiku hubaki pale pale. Chanzo chake ni kanuni chache za fizikia zinazofundishwa katika shule za sekondari, nazo ni kanuni za kanieneo ya vioevu.

Makala haya yanaeleza kanuni hizo na jinsi zinavyotumika katika nyumba ya kawaida. Pia yanaonyesha jambo ambalo husahauliwa mara nyingi: kwamba kanieneo haiyaleti maji nyumbani tu, bali pia huyalinda yasichafuke njiani. Nyumba inayojitafutia kanieneo kwa njia isiyofaa yaweza kuwaletea majirani wake maradhi.

Ili kuepuka utata, neno bomba litatumika hapa kwa maana ya njia ipitishayo maji, na neno koki kwa kifaa kinachoyafungua na kuyafunga.

Maana ya kanieneo

Kanieneo ni kani inayokandamiza kila kizio kimoja cha eneo. Kani ikipimwa kwa nyutoni, na eneo kwa meta za mraba, kanieneo hupatikana kwa paskali. Paskali moja ni ndogo sana: karatasi moja ya kawaida iliyolala mezani huikandamiza meza kwa kanieneo isiyofika paskali moja. Kwa hiyo katika mambo ya maji hutumika kilopaskali, yaani paskali 1,000.

Angahewa nayo hukandamiza kila kitu kilicho usoni mwa dunia. Katika usawa wa bahari kanieneo yake ni karibu kilopaskali 101. Binadamu hawaihisi kwa kuwa huwakandamiza kutoka pande zote kwa pamoja. Geji inayofungwa kwenye bomba la maji haiihesabu kanieneo hiyo; husoma tu kile kilichozidi ile ya angahewa. Geji ikisoma sifuri, maana yake si kwamba ndani ya bomba hamna kanieneo yoyote, bali kwamba kanieneo ya ndani ni sawa na ya hewa ya nje. Jambo hili litakuwa na umuhimu mkubwa mbele.

Kimo cha maji

Chukulia nguzo ya maji iliyosimama wima, yenye kitako cha meta mraba 1 na kimo cha meta h. Ujazo wake ni meta za ujazo h. Kila meta moja ya ujazo ya maji ina masi ya kilogramu 1,000, na kila kilogramu huvutwa na dunia kwa kani ya nyutoni 9.8. Basi uzito wa nguzo nzima ni nyutoni 9,800h, nao wakandamiza eneo la meta mraba 1. Kwa jumla kanuni huandikwa hivi:

P = ρgh

ambapo P ni kanieneo, ρ ni densiti ya maji, g ni mchapuko wa graviti, na h ni kimo. Kutokana na kanuni hii hupatikana kipimo chepesi kukumbuka: kila meta moja ya kimo cha maji huleta kilopaskali 9.8, yaani karibu kilopaskali 10.

Mwanafunzi atatambua kwamba katika kanuni hii hakuna mahali palipotajwa wingi wa maji wala upana wa chombo. Mtaalamu wa Kifaransa Blaise Pascal alilieleza jambo hili katika kitabu chake juu ya mizani ya vioevu, kilichochapishwa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Bomba jembamba lililojaa maji hadi meta 10 hukandamiza kitako chake kwa kanieneo ile ile ya ziwa lenye kina cha meta 10. Kwa hiyo mwenye nyumba anayenunua tangi la lita 5,000 badala ya la lita 1,000, akaliweka juu ya mnara ule ule, atapata akiba kubwa zaidi ya maji, lakini hatapata kanieneo zaidi. Ili aipate, hana budi kuliinua tangi.

Miji nayo hutegemea kanuni hiyo hiyo. Jiji la Dar es Salaam hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Mto Ruvu, kwa mitambo ya Ruvu Juu iliyojengwa mwaka 1959 na ile ya Ruvu Chini iliyojengwa mwaka 1976. Maji hayo husafishwa, kisha husukumwa kwa pampu hadi matangi makuu yaliyojengwa katika nyanda za juu za jiji, kama vile Kimara na kilima cha Chuo Kikuu. Kutoka huko hushuka kwa uzito wake yenyewe kuelekea mitaani. Mombasa hupokea maji ya chemchemi za Mzima, yaliyo umbali wa zaidi ya kilometa 200, kwa bomba lililokamilika mwaka 1957. Chemchemi hizo ziko juu sana kuliko pwani, na mteremko ndio uyasukumao maji katika safari yote hiyo. Yaweza kusemwa kwamba kilima chenye tangi ndicho hazina ya kanieneo ya mji.

Mfano. Chukulia kwamba uso wa maji katika tangi kuu la mji uko meta 75 juu ya usawa wa bahari. Nyumba ya kwanza ina koki iliyo meta 40 juu ya usawa huo. Tofauti ya kimo ni meta 35. Kwa hiyo, koki zote zikiwa zimefungwa, kanieneo ni 9.8 × 35 = kilopaskali 343. Katika ghorofa iliyo meta 6 juu ya koki hiyo kimo kinachobaki ni meta 29, nayo kanieneo ni kilopaskali 284. Nyumba ya pili iko kilimani, na koki yake iko meta 70 juu ya usawa wa bahari. Kimo chake ni meta 5 tu, na kanieneo ni kilopaskali 49. Nyumba hiyo ya pili yaweza kuwa jirani kabisa na tangi la mji, na bado ikapata maji kwa unyonge. Ukaribu na tangi hausaidii mahali ambapo kimo hakipo.

Maji yaliyotulia na maji yanayotembea

Hesabu iliyotangulia ni ya maji yaliyotulia. Koki inapofunguliwa hali hubadilika. Maji yanayotembea husuguana na kuta za bomba, na yenyewe kwa yenyewe, na msuguano huo hugeuza sehemu ya nishati yake kuwa joto dogo lisilohisika. Nishati iliyopotea huonekana kama upungufu wa kanieneo. Wahandisi huupima upungufu huo kwa meta za maji, na kuuita kimo kilichopotea.

Katika karne ya 19 Mjerumani Julius Weisbach na Mfaransa Henry Darcy, aliyeuletea mji wake wa Dijon maji ya bomba, waliichunguza hasara hii. Kanuni inayobeba majina yao ni hii:

hₚ = f × (L ÷ d) × (v² ÷ 2g)

ambapo hₚ ni kimo kilichopotea, L ni urefu wa bomba, d ni kipenyo chake cha ndani, v ni mwendokasi wa maji, na f ni namba itegemeayo zaidi ukwaruzi wa bomba. Kwa mabomba madogo ya nyumbani f yaweza kuchukuliwa kuwa 0.03.

Mfano. Maji yanatoka bomba la mtaani hadi nyumbani kwa bomba lenye urefu wa meta 40 na kipenyo cha ndani cha milimeta 15, ambalo mafundi huliita bomba la nusu inchi. Koki moja imefunguliwa, nayo yatoa lita 12 kwa dakika, yaani lita 0.2 kwa sekunde. Eneo la mkato wa bomba ni meta mraba 0.000177, kwa hiyo mwendokasi ni meta 1.13 kwa sekunde. Kimo kilichopotea ni

0.03 × (40 ÷ 0.015) × (1.13² ÷ 19.6) = karibu meta 5.2

Hii ni sawa na kilopaskali 51. Sasa mtu mwingine anafungua koki ya pili, na bomba hilo hilo latakiwa kupitisha lita 24 kwa dakika. Mwendokasi huwa maradufu, na kwa kuwa hasara hufuata mraba wa mwendokasi, kimo kinachopotea hakiwi maradufu bali mara nne: karibu meta 21. Ikiwa kimo kilichopo mtaani ni meta 15 tu, jambo hilo haliwezekani. Bomba halitapitisha lita 24, na koki zote mbili zitadhoofika. Ndiyo sababu anayeoga bafuni hulalamika pindi mwenzake anapofungua maji jikoni.

Kipenyo kina nguvu kubwa zaidi katika hesabu hii. Kwa kiasi kile kile cha maji, kipenyo kikipunguzwa nusu, eneo la mkato huwa robo, mwendokasi huwa mara nne, na mraba wake huwa mara 16. Tena d yenyewe, iliyoko chini ya L katika kanuni, imepungua nusu, basi hasara yote huwa mara 32. Kwa maneno mengine, hasara hufuata kinyume cha kipeo cha tano cha kipenyo. Katika mfano wa lita 12 kwa dakika, bomba la milimeta 25 lingepoteza meta 0.4 tu badala ya 5.2. Kwa upande wa pili, bomba la chuma lililojaa kutu hata njia ya milimeta 15 ikabaki milimeta 10 lingepoteza zaidi ya mara saba ya bomba jipya. Mwenye nyumba asiyejua hayo hulaumu mji mzima, kumbe kizuizi kiko ndani ya ukuta wake.

Kwa nini maji hupata nguvu usiku

Sasa swali la mwanzo laweza kujibiwa. Chukulia tena ile koki iliyo na kimo cha meta 35 wakati maji yametulia. Mchana watu wengi wanapika, wanafua na kuoga. Maji mengi yanakimbia katika mabomba makuu, na tuseme kwamba msuguano unakula meta 32. Kimo kinachobaki mtaani ni meta 3, yaani kilopaskali 29. Hicho hakitoshi kupandisha maji hata ghorofa moja na kuyatoa kwa nguvu. Usiku matumizi yashuka hadi theluthi moja. Hasara haishuki hadi theluthi, bali hadi sehemu moja ya tisa, yaani meta 3.6. Kimo kinachobaki ni meta 31.4, na kanieneo ni kilopaskali 308. Bila mtu yeyote kugusa kitu, kanieneo imekuwa zaidi ya mara kumi ya ile ya mchana.

Yafaa ikumbukwe kwamba mabadiliko haya yana gharama pia. Kanieneo kubwa ya usiku huongeza maji yanayopotea katika nyufa za mabomba, na mabomba yaliyochakaa hupasuka zaidi wakati huo.

Kutambua chanzo cha upungufu

Geji moja ya maji yatosha kutenga chanzo kimoja na kingine, mradi isomwe mara mbili. Kwanza isomwe koki zote za nyumba zikiwa zimefungwa. Kisha isomwe koki moja au mbili zikiwa wazi.

Masomo yote mawili yakiwa madogo, upungufu uko nje ya nyumba: ama nyumba iko juu mno ikilinganishwa na tangi la mji, ama mabomba makuu yameelemewa wakati huo. Majirani watakuwa na hali hiyo hiyo, na kipimo cha usiku kitaonyesha ni lipi kati ya mawili hayo. Somo la kwanza likiwa kubwa na la pili likaanguka sana, hali majirani hawana tatizo, basi msuguano uko katika bomba la nyumba yenyewe: bomba ni jembamba au refu mno, limejaa kutu, chujio la mita ya maji limeziba, au koki kuu haikufunguliwa yote. Somo la kwanza likishuka polepole baada ya koki kuu iliyo kabla ya geji kufungwa, kuna mahali maji yanavuja ndani ya nyumba.

Kanieneo kama mlinzi wa maji

Mabomba ya mji hulala ardhini kwa miongo mingi, na hakuna mtandao wa mabomba usio na nyufa. Bomba likiwa na kanieneo kubwa kuliko ile ya nje, maji hutoka kupitia nyufa hizo. Ni hasara, lakini kilicho nje hakiwezi kuingia. Kanieneo ya ndani ikianguka chini ya ile ya nje, mwelekeo hugeuka, na ufa ule ule uliokuwa ukitoa maji safi huanza kuvuta maji ya ardhini.

Kani inayohitajika kwa kazi hiyo ni ndogo. Wakati wa masika, katika mitaa ya bondeni yenye vyoo vya shimo na mitaro, maji yaliyotuama yaweza kusimama nusu meta juu ya bomba. Nusu meta ni kilopaskali 4.9. Basi bomba likiwa tupu, kanieneo hiyo ndogo yatosha kusukuma uchafu ndani yake mchana kutwa, na maji yarudipo jioni huubeba uchafu huo hadi kwenye ndoo za watu. Kwa sababu hii maji ya kwanza kutoka baada ya mgawo yasinywewe. Yaachwe yapite, au yatumiwe kwa kazi nyingine, na yale ya kunywa yachemshwe.

Jambo la pili linaloangusha kanieneo ni pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Mwenye pampu huona maji yameongezeka kwake, akadhani pampu imeyaleta. Pampu haiumbi maji. Hushusha kanieneo kwenye mdomo wake wa kuvutia, ili maji ya mtaani yamkimbilie yeye. Kadiri anavyovuta zaidi ndivyo mwendokasi katika bomba la mtaa unavyoongezeka, na hasara ya msuguano huongezeka kwa mraba. Kimo cha meta 3 kilichokuwa kimebaki mtaani huliwa chote. Koki za majirani hunyamaza, na geji ya bomba hushuka chini ya sifuri. Hiyo ndiyo inayoitwa kanieneo hasi. Mpaka wake ni kanieneo ya angahewa yenyewe, sawa na kimo cha maji cha karibu meta 10, lakini hata sehemu ndogo ya hapo yatosha kuvuta uchafu kupitia kila ufa ulio karibu. Majirani wakinunua pampu nao ili washindane, mtaa mzima hunyonya ardhi. Ndiyo maana mamlaka za maji hukataza pampu za namna hii.

Jambo la tatu ni mpira wa maji uliozamishwa mdomo wake ndani ya ndoo ya kufulia, pipa au birika la mifugo, huku koki ikiwa wazi. Kanieneo ya mtaa ikianguka, mpira huo hugeuka sifoni, na maji ya pipa hurudi bombani. Hali kadhalika, umeme unapokatika ghafla na pampu za mji kusimama, wimbi la kanieneo ndogo husafiri katika bomba lililo mbele yake kwa kasi kubwa, na katika sehemu zilizoinuka kanieneo yaweza kuwa hasi kwa muda mfupi, hata kama matangi hayakukauka.

Klorini inayotiwa katika mtambo wa maji ni kinga ya pili. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapomfikia mtumiaji. Lakini kiasi hicho huliwa upesi uchafu ukiwa mwingi. Hakiwezi kuchukua nafasi ya bomba lililojaa na lenye kanieneo.

Historia inaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 1933, wakati wa maonyesho makubwa ya kimataifa katika mji wa Chicago, Marekani, ugonjwa wa kuhara damu uletwao na ameba uliwashika wageni waliofikia katika hoteli mbili. Watu zaidi ya 1,000 waliugua, na 98 wakafa. Uchunguzi ulikuta kwamba katika mabomba ya majengo hayo zilikuwapo njia zilizoyawezesha maji machafu kuingia katika maji ya kunywa. Maji ya mji yenyewe hayakuwa na lawama. Maji yaliharibiwa baada ya kufika mlangoni.

Njia iliyo salama

Nyumba inayohitaji kanieneo zaidi inaweza kuipata bila kumdhuru mtu. Maji ya mtaani yaachwe yaingie kwa nguvu yake yenyewe katika tangi lililowekwa chini, kupitia koki ya boya. Mdomo wa koki hiyo uwe juu ya kiwango cha juu kabisa cha maji ya tangi, ili kati yao kuwe na nafasi ya hewa. Nafasi hiyo ni kizuizi ambacho maji machafu hayawezi kuivuka kwa sifoni. Kisha pampu ivute kutoka tangi hilo la chini na kupandisha maji katika tangi la juu. Pampu haigusi bomba la mtaa, na tangi la chini hujaa usiku wakati kanieneo ni kubwa na majirani wamelala. Matangi yote mawili yafunikwe na kusafishwa.

Kutoka tangi la juu kanuni ni ile ile. Tangi lenye uso wa maji meta 3 juu ya bomba la mvua hutoa kilopaskali 29 tu. Kwa kanieneo ndogo kama hiyo, bomba la kushusha maji liwe pana, kwa sababu hakuna kimo cha kupoteza.

Majaribio kwa ajili ya darasa

1. Kupima kimo kwa mpira. Shule yenye tangi juu ya mnara haihitaji geji. Fungia mpira mwembamba unaopitisha nuru kwenye koki mojawapo, uinue mdomo wake juu, kisha fungua koki. Endelea kuinua mpaka maji yaache kutoka. Kimo kutoka koki hadi uso wa maji ndani ya mpira ndicho kimo cha kanieneo. Kizidishe kwa 9.8 kupata kilopaskali. Sasa mwanafunzi mwingine afungue koki iliyo karibu kwenye bomba lile lile. Maji katika mpira yatashuka. Kiasi yaliposhuka ndicho kimo kilichopotea kwa msuguano. Afungue koki ya tatu, na darasa lipime tena. Kila mara kiasi cha maji yanayotoka kipimwe kwa ndoo na saa, kisha ichorwe grafu ya kimo kilichopotea dhidi ya mraba wa kiasi hicho. Grafu itakaribia mstari ulionyooka.

2. Ufa unaovuta. Toboa kitundu kimoja kwa sindano nene katikati ya mpira mwembamba unaopitisha nuru. Ncha ya juu ya mpira izamishwe katika ndoo ya maji safi iliyo juu ya meza. Sehemu yenye kitundu ilazwe ndani ya beseni la maji yaliyotiwa rangi, lililo kwenye kiti. Ncha ya chini ifike katika ndoo iliyo sakafuni. Jaza mpira maji, kisha ziba ncha ya chini kwa kidole: maji ndani ya mpira yatabaki meupe, kwa kuwa kanieneo ya ndani ni kubwa kuliko ya beseni. Sasa bana mpira karibu na ndoo ya juu, na uachie ncha ya chini. Uzi wa rangi utaonekana ukiingia kupitia kitundu na kushuka. Wanafunzi waelezwe kwamba beseni ni ardhi, kitundu ni ufa, na mkono uliobana mpira ni mgawo wa maji.

Maswali

1. Uso wa maji katika tangi la shule uko meta 6 juu ya koki. Tafuta kanieneo kwenye koki ikiwa imefungwa. Je, itakuwa kiasi gani ikiwa tangi hilo litabadilishwa kwa jingine lenye kitako kipana maradufu, na uso wa maji ukabaki pale pale?

2. Geji ya nyumba inasoma kilopaskali 250 koki zote zikiwa zimefungwa, na kilopaskali 150 koki moja ikiwa wazi. Kanieneo ya bomba la mtaa haikubadilika. Tafuta kimo kilichopotea. Koki ikipunguzwa hadi itoe nusu ya maji ya kwanza, geji itasoma kiasi gani?

3. Bomba la milimeta 20 hupoteza kimo cha meta 8. Kwa kiasi kile kile cha maji na urefu ule ule, bomba la milimeta 40 litapoteza kimo gani?

4. Mtaa una nyumba kumi, na tisa kati yake zimefunga pampu kwenye bomba la mtaa. Eleza hali ya nyumba ya kumi, kwanza kwa upande wa kiasi cha maji, kisha kwa upande wa usafi wake. Je, nyumba hiyo ikinunua pampu itakuwa imejisaidia?

Majibu. 1: kilopaskali 58.8, haitabadilika. 2: meta 10.2, kilopaskali 225. 3: meta 0.25. Swali la 4 lijadiliwe darasani, na mwalimu asiliache mpaka kila mwanafunzi aweze kulieleza nyumbani kwao.